Njia Kumi na Moja za Dereva Ramani

Mama Vifungo, fundi cherehani wa mlango wa pili, anasema aliliona kwa macho yake mwenyewe. Anasema alikuwa anakwenda kununua uzi, na alipofika kwenye mzunguko wa barabara mbele ya benki akaliona gari la mitungi ya oksijeni linazunguka. Likazunguka, likazunguka tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mara saba, anasema, na alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja vikaisha akaingia wa pili. Halafu gari likasimama pembeni, dereva akainamisha kichwa kwenye usukani akalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

"Na dereva mwenyewe," Mama Vifungo humalizia, akishusha sauti ili kila mtu asogee asikie, "ni Ramani."

Mara saba si kweli. Ilikuwa mara tatu. Na Ramani hakulia, alikuwa anajifuta macho kwa leso. Lakini kuzunguka alizunguka, hilo halina ubishi, na mtungi aliokuwa nao ulifika kwa mgonjwa umechelewa dakika arobaini. Mke wa mgonjwa alikuwa amesimama barabarani bila viatu. Mshale wa mtungi uliokuwa ndani ulikuwa umeshaingia kwenye nyekundu. Mgonjwa hakudhurika, mtungi mpya ukafungwa, akavuta pumzi. Mke wake naye akavuta simu, akapiga kwenye ghala la oksijeni, na hakupiga kusalimia.

Ramani alikuwa na wagonjwa kumi na mmoja aliowapelekea oksijeni majumbani. Jina hilo alipewa na madereva wenzake kwa sababu katika miaka kumi na tisa hakuna aliyemwona akiteremsha kioo cha gari kuuliza njia. Kwa hiyo bosi alipomwita, alimwita mbele ya wapakiaji wote, na huo peke yake ulikuwa msiba.

"Ramani, kulikuwa na nini?"

"Foleni, bosi."

"Foleni? Saa nne asubuhi, siku ya Jumapili?"

Wapakiaji wakatazama viatu vyao. Mmoja akacheka kwa pua.

Bosi alikuwa mama aliyeanza na gari moja bovu, na hakuwa mtu mbaya. Alifunga daftari lake taratibu. "Wenzako wawili wana kile kifaa cha kuonyesha njia kwenye dashibodi. Wamenunua wenyewe, kama wanavyonunua buti zao. Simu sitaki kuiona mkononi mwa dereva, na unajua kwa nini." Kila mtu alijua. Ukuta wa ghala ulikuwa bado umebonyea pale dereva mmoja alipougonga akisoma ujumbe. "Nakupa wiki moja. Jumapili ijayo nione kifaa garini, au nione funguo hapa mezani."

"Sawa, bosi."

"Mimi napeleka pumzi za watu, Ramani. Sipeleki magodoro."

Nyumbani pesa ya kununua kifaa ilikuwepo, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Ilikuwa pesa ya binti yao, kitinda mimba, aliyebaki nao baada ya kaka zake kuoa na kuhama. Alikuwa ameiweka miaka miwili kwa kusafisha ofisi za watu, akifuta meza zenye kompyuta asizoruhusiwa kuzigusa. Ilikuwa pesa ya laptopu. Mwenye steshenari ya barabarani, ambaye kompyuta yake ilikuwa imekufa haifufuki, alikuwa amemwambia: "Njoo na laptopu yako, printa ni yangu. Wewe unaandika barua na fomu za watu, mimi nachapa, tunagawana. Lakini mwisho wa mwezi. Ukipita mwisho wa mwezi namchukua mwingine."

Binti aliishia darasa la saba. Kuandika kwa kompyuta alijifunza kwa kumwangalia mwenye steshenari akiandika, siku baada ya siku, amesimama nyuma yake na ufagio. Nafasi nyingine kama hiyo hakuiona ikija.

Mama yake alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Jioni ile walikuwa wanayakunja wawili, mmoja huku, mmoja kule, wakikutana katikati.

"Sikwambii toa," mama alisema. "Nakwambia tu mambo yalivyo."

"Mama, hiyo ndiyo namna yako ya kusema toa."

"Basi niseme nini? Baba yako akikosa kazi, hiyo laptopu utaiweka mezani tuile?"

"Na nikikosa nafasi ile?"

"Nafasi huja."

"Kwangu haziji, mama. Hii moja imekuja na imevaa saa."

Wakakunja shuka lingine. Binti alikuwa mtu wa kukaa na neno mpaka liive, na hili lilikuwa limeiva. "Na kama shida si njia? Kama ni kichwa? Bibi alianza hivi hivi. Alipotea sokoni, tukacheka. Halafu viatu tukavikuta ndani ya sufuria."

"Nyamaza."

"Kifaa kitamwambia pinda kulia. Kitamwambia mimi ni nani?"

"Nimekwambia nyamaza! Ukuta una masikio, na masikio yenyewe yanashona vifungo."

Walipogeuka Ramani alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kikombe cha chai. Hawakujua amesimama tangu lini.

"Mimi kifaa sikitaki," alisema. "Kifaa kinajua nini? Kinajua mbwa wa nani anauma na wa nani anabweka tu? Mwanangu anunue laptopu yake. Mimi nitazungumza na bosi."

"Utamwambia nini?" mkewe akauliza.

Aliingia ndani, akakaa. Hakuwaambia kwamba kila asubuhi wakati wa kunyoa ndevu alikuwa anayataja majina ya watoto wake kwa mpangilio, halafu ya wagonjwa wake kumi na mmoja, kwa sauti ya chini, kujipima. Mpaka siku hiyo hakuwa amekosa hata moja. Lakini mama yake naye, alikumbuka, majina yalikuwa ya mwisho kuondoka.

Jumamosi binti alitia pesa ndani ya soksi, soksi ndani ya mkoba, akamwambia baba yake, "Twende tukaangalie. Kuangalia hakulipiwi."

Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa amelala, na alikuwa ameshaamua. Angenunua kifaa. Laptopu angeiaga tu kwa macho.

Duka lilikuwa la vitu vilivyotumika: feni, redio, pasi, simu zilizopangwa kama dagaa. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Alimtazama binti, akamtazama baba, akaamua mwenyewe nani ni nani.

"Dada wa laptopu! Karibu. Ipo, sijaiuza. Mzee anaweza kukaa pale kwenye stuli asichoke."

"Leo mzee ndiye mnunuzi," binti alisema. "Anataka kifaa cha njia cha garini."

"Aa! Basi karibu, mzee wangu, samahani."

Alitoa kifaa cha ukubwa wa kiganja, chenye mguu wa mpira wa kunata kwenye kioo cha gari, akakiwasha. Sauti ya mwanamke ikatoka: "Endelea moja kwa moja."

"Niendelee wapi, mama, na mimi nimesimama dukani?" Ramani alisema. Akakishika, akakisogeza, akakirudisha nyuma. "Kioo kimechafuka."

Muuzaji akapuliza, akafuta kwa kitambaa. "Sasa?"

"Bado. Kina ukungu."

Kikatolewa cha pili, kilichokuwa bado ndani ya boksi na karatasi yake ya nailoni. Muuzaji akaibandua nailoni mbele yao, krrr.

"Hiki nacho kina ukungu."

"Hiki hakijaguswa na mtu, mzee!"

"Basi kimezaliwa nao. Angalia, hata ile laptopu ya mwanangu hapo mezani umeiacha hivi hivi, kioo kama cha bafuni. Vitu vya watu vifutwe, bwana. Watu wanatoa pesa."

Muuzaji alitazama vioo vitatu vilivyokuwa vinang'aa mbele yake. "Mzee, hivi vyote nimefuta. Cha nne nikufute wewe?"

Wateja wawili wakacheka. Ramani hakucheka. Alirudisha kifaa mezani, na kilipoelekea kuanguka pembeni muuzaji akakidaka.

Binti alikuwa anatazama muda wote huo. Aliona jinsi baba yake alivyoinamisha shingo upande mmoja, kama kuku anapoipima punje. Aliona vidonda vidogo vya wembe kidevuni. Akakichukua kifaa akakiweka mbele yake tena.

"Baba, huu mstari wa njia una rangi gani?"

"Si huu wa udongo udongo."

Mstari ulikuwa wa buluu, buluu ya sare za shule. Muuzaji alifungua mdomo, binti akamwonyesha kiganja: ngoja.

"Na ile taa pale juu, unaionaje?"

"Taa ni taa. Ina mduara wake kama taa zote."

"Taa haina mduara, baba."

"Taa zote zina mduara."

"Tangu lini?"

Ramani alifikiri. "Tangu mwaka jana. Nilidhani wameleta aina mpya."

Mmoja wa wale wateja alijifanya anachagua pasi.

"Siku ile kwenye mzunguko," binti aliuliza polepole, "ilikuwaje?"

"Jua lilikuwa usoni. Kila barabara ilikuwa nyeupe tupu. Nilijua natakiwa nitoke ya tatu, nikishaipita benki. Ila benki sikuiona. Nikasema nizunguke, labda itatokea. Njia nilikuwa naijua, mama. Nilikuwa naijua."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba sikuiona benki? Benki ya ghorofa sita?"

Binti alianza kuona ilipo shida, lakini alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akamgeukia muuzaji. "Kaka, nisaidie. Weka humo safari ya kutoka ghala la oksijeni mpaka nyuma ya zahanati ya zamani. Baba, fumba macho. Nitajie."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Hapa hapa."

Ramani akafumba macho, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyevua viatu. "Unatoka getini, kushoto. Matuta mawili. La pili libembeleze, mitungi isigongane. Kulia kwenye kituo cha mafuta. Unahesabu njia nne..."

"Sawa," muuzaji alisema, kidole kwenye kioo. "Sawa... sawa... Aa, hapa mzee umekosea. Kifaa kinasema nyoosha."

"Kinyooshe chenyewe. Mbele wamechimba mtaro tangu mwezi wa pili. Unapinda kwa wauza mabati."

"Kweli," alisema mteja wa pasi. "Mimi naishi huko. Mtaro upo, na teksi moja imo ndani yake mpaka leo."

Wakaenda safari ya pili. Ya tatu. Duka lilisimama. Ramani aliwafikia wagonjwa wake wote kumi na mmoja bila kufumbua macho: yule wa ghorofa ya tatu ambaye ngazi yake ya saba imevunjika, yule ajuza anayetaka mtungi uwe kushoto kwa kitanda kwa sababu kulia ni kwa marehemu mumewe, yule mwalimu mstaafu ambaye usipompigia hodi kwa jina lake kamili hafungui. Kufika safari ya saba muuzaji alishateremsha miwani machoni. Kufika ya kumi na moja alikuwa anauliza tu, "Halafu? Halafu?"

Ramani alipofumbua macho, binti yake alikuwa amekaa juu ya boksi la feni.

"Si kichwa, baba," alisema. "Si kichwa. Ni macho."

"Mzee," muuzaji alisema, akikirudisha kifaa ndani ya boksi, "hiki sikuuzii. Nikikuuzia nitakuwa nimekuibia." Akajikuna sikio. "Laptopu lakini nauza."

Kadi ya matibabu ya kazini Ramani alikuwa nayo mwaka wa nne, haijawahi kufunguliwa. Aliogopa kwamba akienda kwa daktari kwa jambo moja ataambiwa lile jingine la kichwa. Jumatatu mkewe na binti yake walimweka katikati, wakampeleka kliniki ya macho kama mahabusu. Jumapili ilikuwa imepita. Bosi alikuwa amepigiwa simu asubuhi hiyo, akasema kwa kifupi, "Kesho, basi. Na gari lisiguswe."

Daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili, akazima tochi.

"Mtoto wa jicho, mzee. Macho yote mawili. La kulia limekomaa kabisa, tutaanza nalo."

Mkewe alishika ukingo wa meza. Ramani akainua kichwa.

"Mtoto wa jicho tu?"

"Tu?" daktari alishangaa.

"Hakuna kingine? Huku kichwani?"

"Kichwa chako hakijanilalamikia."

Ramani alicheka. Alianza kidogo, halafu akashindwa kujizuia, akacheka mpaka watu wa foleni wakachungulia mlangoni. Akampiga mkewe begani. "Umesikia? Mtoto wa jicho! Na tena wawili. Mama watoto, tumepata mapacha uzeeni!"

"Mwanamume huyu," mkewe alisema, akijifuta uso kwa mkono wa gauni, "kweli hana kichwa." Naye akacheka, cheko ambalo binti hakuwa amelisikia ndani ya nyumba yao tangu mwaka uanze.

Alasiri hiyo hiyo Ramani alikwenda ghalani. Hakungoja kuitwa. Aliweka barua ya daktari mezani, na juu ya barua akaweka funguo.

Bosi alisoma, akasoma tena. "Mwaka mzima?"

"Mwaka na miezi, bosi. Mwanzoni nilidhani kioo cha gari."

"Umeendesha gari langu, na mitungi nyuma, huoni?"

"Nilikuwa naona kidogo."

"Kidogo! Ungeua mtu, Ramani. Mtoto wa mtu anavuka barabara, wewe unaona kidogo!"

"Najua, bosi."

"Hujui. Ungejua ungesema."

Wapakiaji walikuwa wanasikiliza, na safari hii hakuna aliyecheka kwa pua. Bosi alizichukua funguo akazitia kwenye droo, akaisukuma kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

"Utakaa ghalani mpaka daktari aniandikie kwamba unaona kama tai. Utapokea na kutoa mitungi. Na mshahara utakuwa wa ghalani, si wa barabarani."

"Sawa, bosi."

"Na hicho kifaa usinunue." Alifungua daftari, akalitazama bila kulisoma. "Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia mkeo. Wiki nzima sijala vizuri. Nilidhani ni kichwa, Ramani."

"Hata mimi, bosi."

"Haya nenda. Nenda kabla sijakasirika upya."

Laptopu ilinunuliwa Jumanne, ile yenye kona iliyobonyea, na soksi ikarudi kuwa soksi. Kufika Ijumaa mlango wa pili ulikuwa umeshatangaza kwamba Ramani amelipwa fidia na kampuni, na kwamba zilikuwa laptopu mbili, moja imefichwa. Lakini mteja wa kwanza wa binti pale steshenari alikuwa Mama Vifungo mwenyewe. Alitaka tangazo la kubandika dirishani.

"Andika: Tunashona, tunabana, tunabadilisha zipu," alisema. "Na uandike: Siri za mteja zinatunzwa."

Binti aliliandika, kila kidole kwa zamu yake, akitafuta herufi kama mtu anayechambua mchele. Hakucheka mpaka Mama Vifungo alipotoka.

Jicho la kulia lilipasuliwa wiki iliyofuata, likafunikwa. Kesho yake walirudi kliniki wote watatu ili lifunuliwe. Muuguzi alimkalisha Ramani kwenye kiti karibu na dirisha, akabandua pamba taratibu, akalifuta jicho kwa maji, akamwambia, "Fungua. Usilazimishe."

Ramani akafungua. Akapepesa. Alitazama dirisha, akatazama ukuta, akatazama namba iliyoandikwa juu ya mlango, na midomo yake ikaisoma bila sauti. Halafu akamtazama binti yake kwa muda mrefu, akatabasamu, akasema, "Kumbe una chunusi." Binti akamsukuma bega.

Mkewe alikuwa upande wa pili, ameinama, anatia chupa ya dawa ya matone kwenye mkoba. Ramani aliushika mkono wake. Alitaka kumwambia kitu cha utani, kilikuwa kimeshafika ulimini. Lakini macho yalitangulia. Aliugeuza ule mkono, akautazama kiganja, akautazama nyuma. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye kila kifundo. Katikati ya vidole sabuni ilikuwa imeila mpaka wekundu, na kucha mbili hazikuwepo.

"Hii imekuwa hivi lini?"

"Ni sabuni tu. Wanatumia ile kali."

"Nimekuuliza lini."

"Si zamani."

Alichukua na mkono wa pili, akaiweka yote miwili mapajani mwake, akaiinamia kwa lile jicho moja jipya kama mtu anayesoma barua iliyochelewa kumfikia. Muuguzi alijishughulisha na trei yake. Binti alitazama nje.

"Iache hiyo kazi ya mashuka," Ramani alisema. "Mama watoto, nakuomba. Iache leo."

Mkewe, aliyekuwa ameshaupigia hesabu mshahara wa ghalani, aliiachia mikono ikae pale alipoiweka. Alimgeukia muuguzi, akamuuliza yale matone ni mara ngapi kwa siku, na kama ni kabla ya kula au baada.